Umempiga, kaondoka: kutafuta kosa la shabaha ya mbali kwa kulungu

Ndugu zangu mlioko huku magharibi ya Marekani, Idaho, Wyoming, Montana na majirani zake, kila vuli swali linarudi lile lile: "nimempiga vizuri kabisa, nyuma ya bega, mbona kaondoka?" Nasema kulungu kwasababu ndo jina tunalotumia wote huku, najua kulungu wa nyumbani ni mnyama mwingine kabisa, huyu wa huku pembe zinadondoka kila mwaka zinaota tena, iwe yule mwenye masikio makubwa kama ya punda au yule wa mkia mweupe, kwa habari ya wapi pa kupiga hawa wawili ni kitu kimoja.

Jibu langu huwa moja. Mara nyingi sana haukumpiga pale unapofikiri. Kwa umbali wa yadi 300 au 400 jicho lako limeona mahali ulipolenga, halijaona mahali risasi ilipoingia, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kwahiyo usianze kubishana kuhusu ukubwa wa risasi, anza na alama alizokuachia mnyama, ukishajua risasi imeingia wapi ndo unarudi nyuma kutafuta kwanini.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mwili wake. Eneo la moyo na mapafu akiwa amesimama ubavu ni duara la inchi 8 mpaka 10, yaani sahani ya karatasi ile ya kwenye sherehe. Moyo upo chini sana kuliko watu wanavyodhani, uko theluthi ya chini ya kifua, juu kidogo tu ya kiwiko cha mguu wa mbele. Panda na mstari wa nyuma wa mguu wa mbele mpaka ufike kati ya theluthi ya chini na nusu ya mwili, hapo ndo pa kulenga, ikishuka kidogo unapata moyo, ikipanda kidogo bado ni mapafu. Na kitu kinachowaponza wengi: uti wa mgongo kwenye bega haupiti juu kwenye mstari wa mgongo unaouona. Umeshuka ndani kabisa, juu yake kuna miiba mirefu ya mifupa na nyama. Sehemu ile ya juu inaonekana kama mwili lakini hakuna kiungo cha kumuua pale. Kumbuka hilo maana tunalirudia sasa hivi.

Kaanguka kama gunia, halafu kainuka kaondoka

Hii ndo inayoumiza kuliko zote, kwasababu umeshashangilia, umeshaiacha bunduki umekumbatiana na mwenzako, unatazama tena mteremko hauna kitu.

Risasi imepita juu. Imegusa ile miiba ya juu ya uti, mshtuko umezima miguu kwa sekunde kadhaa, baadae umeisha. Ukifika pale unakuta nywele nyingi ndefu za kahawia nzito zenye ncha nyeusi, damu kidogo nyekundu ya nyama, matone makubwa mwanzoni halafu yanapungua mpaka yanakatika kabisa baada ya mita mia mbili tatu. Wengi wa hawa wanapona, lakini sio wote.

Dawa yake ni kabla ya tukio. Mnyama akianguka pale pale, we vuta risasi nyingine iingie chemba na ubaki kwenye darubini, usinyanyue kichwa, hesabu taratibu mpaka dakika mbili. Akinyanyua kichwa, piga. Anayeanguka papo hapo sio lazima amekufa, na yule aliyekimbia mita 80 baada ya kupigwa mapafu mara nyingi ndo amekufa kweli, hajajua tu.

Sasa kwanini ilipanda juu? Sababu ya kwanza ni mteremko. Ukipiga kushuka au kupanda kwa pembe kali, dunia inaivuta risasi kulingana na umbali wa mlalo, sio ule wa kwenye mstari wa macho. Yadi 400 kwa pembe ya nyuzi 30 ni kama yadi 346 tu za mlalo, ukizungusha kliki (zile hatua za kirungu cha darubini ya bunduki, za kufidia risasi inavyoshuka kwa umbali) za 400 kamili risasi inapita inchi 5 hivi juu ya pale ulipotaka, na ulipolenga ukikadiria nusu ya mwili, tayari uko kwenye miiba. Vipima umbali vingi vya siku hizi vinakupa namba ya pili iliyoshasahihishwa, itumie hiyo. Sababu ya pili ni kusahau kurudisha kliki, umezungusha kwa mnyama wa mbali jana akaondoka, leo anatokea wa yadi 150 na kliki bado ziko za 400. Nimeona hili kwa watu wazoefu kabisa. Ukimaliza kila tukio, kliki zirudi sifuri kabla hujanyanyuka, iwe ibada. Ya tatu ni kuegemeza mtutu wenyewe kwenye jiwe au mti badala ya ile mbao ya mbele iliyo chini yake, mtutu unaruka kutoka kwenye kile kigumu na risasi inapanda. Weka begi, weka koti, weka chochote laini, na kiwe chini ya mbao sio chini ya chuma.

Kajikunja mgongo, kaondoka taratibu kichwa chini

Hapa acha kila kitu. Huyu amepigwa tumbo.

Nitawaeleza wa kwangu. Ilikuwa mwezi wa kumi, saa kumi jioni, mimi na rafiki yangu mmoja wa Bukavu tumelala juu ya mwamba, mbele yetu bonde, ng'ambo mteremko wa nyasi kavu na miti midogo ya mreteni. Dume amesimama ubavu anatazama kushoto. Kipima umbali kikasoma yadi 372. Pale tulipolala upepo hakuna, hata jani halitikisiki, nikazungusha kliki, nikalenga nyuma ya bega, nikapiga. Sauti ikarudi "bumu", kama mtu kapiga ngoma iliyolegea. Dume akajikunja, akatembea hatua kama kumi na tano, akaingia kwenye mreteni. Mi nikainuka nataka kwenda, mwenzangu akanishika mkono: "Mukubwa, tungoje. Usimufuate sasa." Tukangoja mpaka giza, tukarudi nyumbani, usiku ule ulikuwa wa baridi kali na sikulala. Alfajiri tukamkuta amelala ndani ya mreteni ule ule, hajasogea hata mita 60. Risasi ilikuwa imeingia kama shibiri moja nyuma ya nilipolenga. Tulipoteza nyama ya upande mmoja, lakini kitu kinachonikaa mpaka leo ni masaa aliyoyapitia yule mnyama kwa kosa langu.

Kosa lilikuwa nini? Nilipima upepo wa kwangu, sio wa kwake. Nyasi za ng'ambo zilikuwa zinalala kuelekea kulia na darubini ilinionyesha, sikutazama. Upepo wa maili 10 kwa saa ukikata kutoka pembeni unaisukuma risasi ya 6.5 Creedmoor kama inchi 9 ukifika yadi 400, na ya .308 ya kawaida inchi 12 mpaka 13. Duara lako lote ni inchi 8 mpaka 10, ukilenga katikati una inchi 4 au 5 tu kila upande. Yaani upepo wa kawaida kabisa, ambao hata kofia hautoi, unatosha kuihamisha risasi kutoka mapafu mpaka tumboni.

Tangu hapo nina sheria moja ninayoifuata: kabla ya kupiga najiuliza upepo unasukumia wapi, kichwani au tumboni. Kama mnyama anatazama kule upepo unakoelekea, nikikosea kidogo risasi inaenda kwenye bega, na bega linaangusha. Kama anatazama upepo unakotoka, kosa lote linaenda tumboni, hapo nasubiri ageuke au nasogea karibu au naacha. Ni rahisi hivyo na hakuna kifaa cha kununua.

Sababu nyingine ya kupiga nyuma ni mnyama kutembea. Risasi inatumia kama nusu sekunde kufika yadi 400. Kulungu anayetembea taratibu tu, maili 3 kwa saa, ndani ya nusu sekunde hiyo amesogea zaidi ya nusu mita. Hatua moja! Ulilenga bega, risasi imefika bega halipo. Kwa mbali usimpige anayetembea, na usimpige anayekula huku anasogea, ngoja anyanyue kichwa asimame miguu yote minne chini. Ukipiga mluzi karibu mara nyingi anasimama, kwa yadi 400 hasikii vizuri, kwahiyo subira tu.

Na kuna pembe ya mwili wake. Kwa mbali darubini inambana mnyama aonekane bapa, unadhani yuko ubavu kumbe kageuka kidogo. Angalia miguu: ukiona miguu ya mbele yote miwili imeachana na kifua kinaonekana katikati, anakutazama kwa mshazari, na risasi ya nyuma ya bega itatokea tumboni. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, usilenge bega la upande wako, fikiria mguu wa mbele wa upande wa pili na upeleke risasi huko, hata kama sehemu ya kuingilia inaonekana iko nyuma kwenye mbavu za mwisho. Anayekutazama kwa mshazari kwa yadi 350 mi simpigi. Anayekupa matako, hapana kabisa, kwa umbali wowote.

Alama za chini za huyu wa tumbo ni damu kidogo ya majimaji, vipande vya kijani au kahawia vya nyasi, na harufu, ukinusa utajua. Masaa ya kungoja ni 6 mpaka 12. Damu nyeusi nzito kama zabibu iliyokolea bila harufu ya nyasi ni ini, huyo anakufa kwa uhakika lakini mpe masaa 3 au 4. Ukimfukuza mapema anainuka, anavuka milima miwili, na hutamwona tena.

Hakuonyesha chochote, unadhani umekosa

Usiseme umekosa mpaka umefika pale. Kwa yadi 400 sauti ya risasi kumgonga inakufikia kama sekunde moja na nusu baada ya kufyatua, na kwasababu bunduki imeruka na masikio yana vizibo watu wengi hawaisikii. Mwambie mwenzako aangalie na asikilize. "Paa!" kavu ni mfupa, "pwaa" ni mbavu, "bumu" ni tumbo.

Tatizo kubwa la mbali ni kwamba ukivuka bonde ile sehemu inabadilika sura. Mti uliokuwa mmoja unakuwa mitano, mwamba ulioutumia kama alama huuoni. Kwahiyo kabla hujasogea hata hatua: piga picha kwa simu ukikuza, weka alama ya dira, acha mtu mmoja pale pale ulipopigia akiwa na fulana ya rangi ya chungwa, na akuelekeze kwa redio au mikono, kushoto, juu kidogo, hapo. Kama uko peke yako tundika fulana hiyo kwenye kichaka ili uweze kugeuka na kuona ulikotoka. Nimeshasaidia kutafuta mnyama ambaye mwenye kumpiga alihangaika masaa mawili, kumbe alikuwa anatafuta damu mita 70 pembeni ya mahali penyewe.

Ukifika, piga magoti. Tafuta nywele kwanza kabla ya damu, damu inaweza kuchelewa kutoka kama tundu liko juu, nywele zinakatwa hapo hapo. Nyeupe ndefu ni za tumbo chini, kahawia fupi ni za ubavuni. Damu ya waridi yenye povu, mapovu madogo madogo kama ya sabuni, hiyo ni mapafu, kaa nusu saa unywe chai, yuko karibu. Aliyeruka akarusha miguu ya nyuma halafu akakimbia amejishusha chini chini, huyo pia ni moyo au mapafu, mara nyingi utamkuta ndani ya mita mia. Majimbo mengine yanaruhusu mbwa mmoja wa kamba kufuata damu, soma kanuni za jimbo lako kabla ya msimu sio usiku ule.

Umempiga mapafu kweli, lakini tundu ni kama la kalamu na kaenda mbali

Hapa ndo suala la risasi lina haki yake. Risasi ya kuwindia imetengenezwa ifunguke ikigonga, na ili ifunguke inahitaji kasi. Nyingi zinahitaji kama futi 1800 kwa sekunde, za shaba tupu nyingi zinataka karibu 2000. Sasa .308 ya uzito wa greni 168 inayotoka na futi 2650 ikifika yadi 400 imebaki na kama 1900, yadi 500 iko chini kidogo ya 1800. Ukitumia ya shaba tupu kwa umbali huo inaweza kupita kama sindano. Angalia kasi ya risasi yako kwenye jedwali la mtengenezaji, tafuta ni yadi ngapi inashuka chini ya kiwango chake, na huo ndo mpaka wako hata kama wewe mwenyewe unaweza kulenga mbali zaidi. Na tafadhali usitumie zile za mashindano ya shabaha eti kwasababu zinapiga kundi dogo kwenye karatasi, kazi yake ni karatasi.

Kila mara inaenda upande mmoja, au haina mpangilio

Ikienda upande mmoja kila siku hata bila upepo, shuku bunduki imelala. Ukiiinamisha nyuzi 5 tu, kwa zile kliki za yadi 400 risasi inatoka pembeni inchi 2 na nusu, na kwenye mteremko wa mlima macho yanadanganyika kirahisi sana, unadhani iko wima. Kuna pimamaji ndogo ya kufunga kwenye darubini, bei yake ni ndogo.

Ikiwa haina mpangilio, anza na skrubu za darubini. Bunduki ikianguka, ikigongwa kwenye gari, ikitoka kwenye ndege, irudishe kwenye shabaha ya yadi 100 kabla hujaipeleka kwa mnyama. Kisha angalia parelaksi, yaani msalaba wa darubini kuhama jicho likihama: tingisha kichwa kidogo nyuma ya darubini, ukiona msalaba unatembea juu ya shabaha, zungusha kile kirungu cha pembeni mpaka utulie. Kisha jiangalie wewe. Mwenzako akupakilie bunduki bila kukuambia kama ameweka risasi au hajaweka, kwa usalama mtutu unatazama shabaha muda wote, ukifyatua ikiwa tupu na mtutu ukatumbukia chini, umejua ugonjwa, unaiogopa kabla haijalia. Fyatua tupu mara kumi kila jioni nyumbani, hakikisha mara mbili kwamba hakuna risasi na hakuna hata boksi la risasi chumbani, macho yabaki wazi mpaka baada ya "tiki".

Kupima umbali bila kifaa usijaribu. Ukidhani 400 kumbe 450, hiyo ni inchi 7 hivi chini, unamvunja mguu.

Sasa mpaka wako uko wapi

Bunduki inayopiga kundi la inchi moja na nusu kwa yadi 100 juu ya meza, kwa yadi 400 ni inchi 6, na hiyo ni meza, hakuna mapigo ya moyo, hakuna pumzi ya kupanda mlima. Juu ya begi kwenye mawe wengi wetu tunakuwa na mara mbili ya hiyo, inchi 12, na sahani ni 9. Kwahiyo chukua sahani za karatasi, nenda zako jangwani mahali panaporuhusiwa, panda kilima kwa mbio kidogo, lala, pumua, piga sahani moja risasi moja tu. Sogea. Rudia siku nyingine yenye upepo. Umbali ambao unapata sahani tisa kwa kumi, zile za kwanza za baridi sio baada ya kupasha mtutu, huo ndo wako msimu huu. Wangu ni yadi 325. Kuna watu wanasema Idaho inakataza bunduki inayozidi pauni 16 ikiwa na vifaa vyake vyote, kana kwamba ukibaki chini ya uzito huo umbali wowote ni halali kwako, sheria inapima bunduki, haikupimi wewe.

Na ukimpata, kabla ya kumchuna, chukua dakika tano: ingiza kijiti safi kwenye tundu la kuingilia kitokee la kutokea, piga picha, halafu ukifungua kifua angalia kilichoguswa. Andika kwenye kidaftari yadi, upepo, alivyosimama, ulipolenga, ilipoingia. Changu kina kurasa kumi na moja za kulungu sasa, na ukurasa wa yule dume wa yadi 372 nimeukunja pembe ili niufungue kila mwezi wa kumi kabla sijatoka nyumbani.